Imamu Ghazali: Aliyekiacha Kiti Akaipata Raha ya Moyo

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake, twapenda katika kurasa hizi kuwasimulia ndugu zetu maisha ya mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa katika darasa za pwani yetu, lakini khabari zake wengi wetu twazijua juu juu tu. Mtu huyo ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mungu amrehemu, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam.

Sababu ya kumchagua ni kwamba vijana wanaohudhuria darasa yetu hutuuliza mara kwa mara mtu aipateje furaha ya kweli. Wao huwaona watu waliokwisha kupata kazi nzuri, nyumba na cheo, na juu ya hayo nyoyo zao hazina utulivu. Nao wanakhofu wasije wakaumaliza ujana wao kukimbilia kitu ambacho wakikifikia hakitawatuliza. Swali hili si geni. Imamu Ghazali alijiuliza swali hilo hilo, wala hakujiuliza akiwa maskini asiyepata kitu. Alijiuliza akiwa juu kabisa ya ngazi ya heshima, na jawabu alilolipata lilimgharimu kila alichokuwa nacho.

UTOTO WAKE

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, mahali ambapo leo ni upande wa kaskazini mashariki ya Irani, karibu na mji wa Mashhad. Waandishi wa tarehe wanasimulia ya kuwa baba yake alikuwa mtu fukara, akisokota sufu na kuiuza dukani mwake. Mwenyewe hakuwa mwanachuoni, lakini alipenda sana kukaa katika majlisi za wanazuoni, akiwasikiliza mpaka machozi yakimtoka, na akimwomba Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa faqihi na mwingine atakayekuwa mtoa mawaidha. Mungu akamjibu kwa yote mawili. Muhammad akawa faqihi mkubwa wa zama zake, na nduguye Ahmad akawa mtoa mawaidha mashuhuri. Lakini baba hakuishi akayaona hayo. Alipohisi kuwa mauti yamekaribia, aliwausia watoto wake wawili kwa rafiki yake mmoja mchaji Mungu, akamwachia na fedha kidogo alizokuwa nazo, azitumie zote katika kuwasomesha.

Fedha zile zikamalizika, na yule mlezi naye alikuwa maskini. Ikambidi awaambie vijana wale waingie katika madrasa kama wanafunzi, kwani humo wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Basi wakaingia kwa sababu ya njaa. Ghazali mwenyewe alikuwa akilikumbuka jambo hili katika ukubwa wake, na kueleza kwamba wao waliiendea elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, lakini elimu ikakataa kuwa ya mwingine ila Mungu. Twamwomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Inasimuliwa pia kwamba alipokuwa kijana alisafiri kwenda Jurjan kusoma, na katika kurudi kwake msafara wao ukavamiwa na wanyang'anyi waliochukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie mfuko wake tu, ambao ndani yake hamkuwa na kitu cha kuwafaa wao. Zilikuwamo karatasi alizoandika masomo yake yote. Yule mnyang'anyi akacheka, akamwuliza vipi ataweza kudai kuwa ana elimu, na hali ukimnyang'anya karatasi zake huwa hana tena. Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali akaona kuwa Mungu amemtia onyo katika kinywa cha mwizi. Na alipofika Tus akakaa miaka 3 akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata asiweze tena mtu kumpokonya.

KITI CHA BAGHDAD

Baada ya hapo akaenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, akakaa naye mpaka sheikh wake huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Kisha akajiunga na wanazuoni waliokuwa wakizungukwa na Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki. Waziri huyu alikuwa mtu wa kupenda elimu, na ndiye aliyejenga zile madrasa zilizoitwa Nidhamiyya kwa jina lake. Katika majlisi yake wanazuoni walikuwa wakishindana kwa hoja, na Ghazali akawashinda wote.

Mwaka 484 (1091), kabla hajafikia umri wa miaka 35, alipewa kiti cha ualimu katika Nidhamiyya ya Baghdad. Katika zama zile hapakuwa na kiti cha elimu chenye heshima kukishinda hicho. Alikuwa akisomesha wanafunzi 300. Wakubwa wa dola walimtaka shauri, fatwa zake zikafika mbali, na wale waliomwona wametaja kwamba fahari yake ilizidi fahari ya maamiri.

Wala mtu asidhani kuwa alikaa bure juu ya kiti chake. Katika saa chache alizoziiba baina ya kusomesha na kuandika, alivisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake bila ya mwalimu, akazielewa ilimu zao kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akizichungua. Ndipo akaandika kitabu chake kiitwacho Tahafut al-Falasifa, alichowajibu nacho wanafalsafa, nacho bado chasomwa na wanazuoni wa dini zote hata leo.

Basi huyu ni mtu aliyepata kila kile ambacho baba zetu huwaombea watoto wao: elimu, cheo, mali, heshima na jina. Lau furaha ingekuwa katika vitu hivi, yeye angekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mji ule.

MIEZI SITA YA MVUTANO

Lakini alipokuwa katika hali hiyo akageuka kuitazama nafsi yake. Khabari hizi amezieleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh min ad-Dalal, alichokiandika miaka mingi baadaye, wala hakujificha ndani yake. Aliitazama kazi yake iliyo bora kuliko zote, nayo ni kusomesha, akaona kuwa amejishughulisha na ilimu ambazo hazina uzito katika njia ya akhera. Kisha akaitazama nia yake katika kusomesha, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka jaha na sifa ienee. Hapo akayakinisha kwamba yuko ukingoni mwa shimo, na kwamba asipojiwahi ataanguka.

Alijua basi la kufanya. Lakini kujua ni jambo moja, na kuondoka ni jambo jingine. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095) alikaa karibu miezi 6 akivutwa huku na huku. Siku moja huazimia kutoka Baghdad, na siku ya pili azma ikavunjika. Asubuhi huwa na shauku ya akhera, na jioni matamanio ya dunia yakamshambulia kama jeshi. Nafsi ikimkumbusha kwamba cheo hiki hakina mtu wa kukigombea naye, na kwamba huenda akakiacha, kisha akakitamani, na asiweze kukipata tena.

Ndugu zetu, nani katika sisi asiyeijua sauti hiyo? Tofauti ni kwamba sisi huisikia tukainyamazia, tukajiambia kuwa tutatengeneza mambo yetu baada ya Ramadhani, au baada ya kumwoza binti, au tutakapoacha kazi.

Kwa Ghazali haikuwezekana kunyamaza, kwani Mungu aliufunga ulimi wake. Siku moja alijilazimisha kusomesha ili kuwaridhisha wale waliomjia, na ulimi haukutamka hata neno moja. Huzuni ikauingia moyo wake, kisha ikauingia mwili; akawa hawezi kula chakula wala kumeza kinywaji, na nguvu zake zikadhoofika. Matabibu wakakata tamaa naye, wakasema kwamba jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko limeenea mwilini, wala halina dawa ila moyo upumzike na hamu iliyoushika.

Alipoona kwamba hana hila tena, akamkimbilia Mwenyezi Mungu kama akimbiliavyo mtu aliyedhikika. Mungu akamjibu, na moyo wake ukawa mwepesi kuacha jaha, mali, watoto na marafiki.

SAFARI

Katika mwezi wa Dhul Qaada mwaka 488 (Novemba 1095) alitoka Baghdad. Alidhihirisha kuwa aenda Makka, na moyoni alikusudia nchi ya Sham, kwa kukhofu khalifa na marafiki zake wasije wakamzuia. Mali yake akaigawa, ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Hili twalitaja makusudi, kwani wako watu ambao wakisikia mtu mwema ameiacha dunia, nao huwaacha wake na watoto wao wakiomba kwa majirani, kisha wakaiita hiyo ni zuhudi. Imamu hakutoka mpaka alipohakikisha kwamba watoto wake wana cha kula. Kazi yake katika Nidhamiyya ikashikwa na nduguye Ahmad.

Watu wa Iraki wakapigwa na mshangao. Hawakuweza kufahamu ya kuwa mtu aweza kukiacha kiti kile kwa sababu ya dini, kwani wao walikiona kiti kile ndicho kilele cha dini. Wengine walidhani amewakimbia watawala. Na kweli, nyakati zile zilikuwa za khatari: Nidhamul Mulk alikuwa ameuawa mwaka 485 (1092), na Sultani Malik Shah akafariki mwaka huo huo, ikawa fitina baina ya warithi wake. Wako wanazuoni mpaka leo wanaosema kuwa mambo haya yalikuwa na sehemu katika kuondoka kwake. Sisi hatukatai kwamba huenda yalimwonyesha jinsi ulimwengu usivyotegemewa. Lakini waliokuwa karibu naye waliona jinsi watawala walivyomng'ang'ania abaki, naye akiwapa mgongo.

Alikaa Sham karibu miaka miwili. Katika msikiti mkubwa wa Damascus alikuwa akipanda mnara, akajifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Maqdis, akawa akiingia katika Qubba ya Mwamba na kujifungia humo. Mwaka 489 (1096) alifika katika mji wa Al-Khalil, na huko akamwahidi Mungu mambo matatu: kwamba hatapokea mali ya sultani yeyote, hatakwenda barazani kwa sultani, na hatabishana na watu kwa ajili ya kutaka kushinda. Hebu tuyatazame mambo haya. Kila moja ni mlango ambao yeye mwenyewe aliingilia kwenye utukufu wake wa Baghdad. Kisha akaenda kuhiji na kumzuru Mtume (s.a.w.).

Na hapa pana jambo jingine lenye faida. Hakubaki ugenini daima. Anaeleza kwamba wito wa watoto wake ulimvuta akarudi kwao, baada ya kuwa hakuna aliyekuwa mbali zaidi na fikra ya kurudi kuliko yeye. Nyumbani alipenda upweke, lakini mambo ya watu wa nyumbani, taabu za maisha na misukosuko ya zama zilikuwa zikimkatiza. Anakiri kwamba usafi wa hali ile hakuupata ila mara kwa mara tu. Hata hivyo hakukata tamaa nao, na kila alipozuiliwa alirudi. Akaendelea hivyo yapata miaka 10. Basi asidhani mtu kwamba raha ya moyo ni kukaa pasipo taabu. Imamu aliipata, na taabu zilikuwamo.

ALIYOYAANDIKA

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihyaa Ulumiddin, kitabu chake kikubwa, chenye vitabu 40 vilivyogawanywa mafungu manne: ibada, ada za maisha, mambo ya kuangamiza, na mambo ya kuokoa. Katika fungu la mambo ya kuangamiza amekitenga kitabu kizima juu ya kupenda jaha na ria. Asomaye hapo ajue kwamba anayemwonyesha maradhi haya ni mtu aliyeugua mwenyewe.

Akaandika pia kwa lugha ya Kifursi kitabu alichokiita Kimiya ya Saada. Kimiya, kwa watu wa zamani, ni ile elimu waliyodhani kuwa yaweza kugeuza shaba ikawa dhahabu. Imamu akakusudia kwamba moyo wa mwanadamu nao una kimiya yake, nayo ni kuijua nafsi, kumjua Mungu, kuijua dunia na kuijua akhera. Hoja yake ni nyepesi kufahamika: kila kiungo raha yake imo katika lile lililoumbiwa. Jicho hustarehe kwa kuona kilicho kizuri, na sikio kwa kusikia sauti njema. Moyo umeumbwa umjue Mola wake. Basi ukipewa kila kitu ukanyimwa hilo, utabaki na njaa, kama jicho lililofungwa kitambaa na kupelekewa chakula kizuri.

Hatusemi kwamba Imamu alikuwa mtu asiyekosea. Wanazuoni wamebainisha kwamba katika Ihyaa zimo hadithi dhaifu na zisizokuwa na asili, na Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizichambua moja moja, Mungu amlipe kheri. Mwenye kukisoma kitabu na akisome pamoja na uchambuzi huo. Wala kitabu hakikuandikwa kiwekwe juu ya rafu kwa kutabaruku. Kimeandikwa mtu akipime moyo wake.

KURUDI

Mwaka 499 (1106) waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimtaka kwa nguvu arudi kusomesha, safari hii Nishapur. Imamu akaona kuwa watu wamezama katika upotovu, na kwamba kuendelea kujificha kwa kutaka raha si udhuru tena. Akarudi, baada ya miaka 11 tangu alipotoka Baghdad. Lakini ameeleza kwamba, ijapokuwa amerudi, hakurudi alikokuwa. Zamani alikuwa akisomesha elimu ambayo kwayo mtu huchuma jaha, na sasa akawalingania watu kwenye elimu ambayo kwayo jaha huachwa.

Abdul Ghafir Al-Farisi, mwandishi wa tarehe aliyemjua katika hali zote mbili, amesimulia kwamba zamani Ghazali alikuwa na kiburi na kuwadharau watu kwa akili na ufasaha wake. Alipomwona baada ya kurudi amekuwa mpole na mnyenyekevu, alidhani anajifanya tu. Akamwendea mara nyingi akimchunguza, mpaka akayakini kwamba mtu amebadilika kweli.

Baadaye akarudi Tus, mji wake. Karibu na nyumba yake akajenga madrasa ya wanafunzi na makao ya wacha Mungu, akazigawa saa zake baina ya Qur'ani, kusomesha na kukaa na watu wa kheri. Alipoitwa tena Baghdad kukikalia kile kiti chake cha zamani, akaomba udhuru. Na katika mwisho wa umri wake akaishughulikia hadithi ya Mtume (s.a.w.), akivisoma vitabu sahihi viwili vya Bukhari na Muslim, kama mwanafunzi anayeanza. Huyu ndiye Hujjatul Islam, hakuona aibu kukaa chini kusoma kilichompita.

Akafariki siku ya Jumatatu katika mwezi wa Jumada 'l-Akhir mwaka 505 (Desemba 1111), umri wake miaka 55 kwa hesabu ya Hijra. Inapokewa kutoka kwa nduguye Ahmad kwamba alfajiri ile alitawadha akasali, akataka aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akasema kwamba amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Kisha akanyoosha miguu, akaelekea qibla, akafa kabla ya kucha. Mtu aliyefungwa ulimi mbele ya wanafunzi 300 hakufungwa ulimi mbele ya mauti.

TUJIFUNZE NINI

Huenda msomaji akasema kwamba yeye ni mtu wa duka, au mvuvi, au karani, wala hana kiti cha Nidhamiyya cha kukiacha. Twamjibu kwamba hakuambiwa aache duka lake. Imamu mwenyewe alirudi kwenye kazi ile ile ya kusomesha. Kilichobadilika ni kile alichokitaka kwa kazi hiyo. Tumerudi basi kwenye lile neno la utotoni: aliingia katika elimu kwa njaa ya tumbo, akakaa humo kwa njaa ya jaha, na hakupata utulivu mpaka alipoitafuta kwa ajili ya Mwenyewe.

Kila mmoja wetu akiulizwa lililo kubwa kwake, atasema ni radhi za Mungu, na malezi ya watoto wake, na kheri ya jamaa zake. Lakini tukizihesabu saa zetu za siku moja, na fedha zetu za mwezi mmoja, twaona zimekwenda kwingine, na lile kubwa tumelipa makombo. Sisi tunaosomesha twajitaja wa kwanza katika hili, kwani ugonjwa wa kupenda kusifiwa barazani si wa Baghdad peke yake. Mshika mbili, wahenga wameshasema, moja humponyoka. Na linaloponyoka kwa kawaida ni lile lisilopiga kelele.

Basi tuanze na dogo. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mtu ajiulize kama ulimi wake ungefungwa kesho, ni kazi gani katika kazi zake angejuta kuwa hakuifanya. Kisha aamke aifanye hiyo kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, atusafishie nia zetu, na aziruzuku nyoyo zetu raha katika lile tuliloumbiwa. Amin.